Dola 50,000 na begi la dhahabu: kisa cha Palestina, 1914

Aliyewahi kuwa mhazini wa kamati ya msiba anajua kwamba kazi haiko kwenye kuchangisha. Watu wakiguswa, hutoa. Kazi huanza pesa ikishakuwa mkononi: itafikaje, atapewa nani, na ni nani atakuja kesho kudai kwamba fungu lake limeliwa. Kisa ninachokichambua hapa kilitokea mwaka 1914 kati ya Istanbul, New York na bandari ya Yafa. Kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha ukarimu. Mimi nimekisoma mara kadhaa na kila mara naona kitu kingine: kutoa kulichukua siku chache tu, na jasho lote lililobaki lilimwagika kwenye kufikisha na kugawa.

Wakati huo Palestina ilikuwa chini ya himaya ya Osmani. Wayahudi waliokuwa wakiishi huko walikuwa kati ya 60,000 na 85,000, kutegemea ni nani amehesabu, na hawakuwa watu wa namna moja. Wapo waliokaa Yerusalemu, Hebroni, Tiberia na Safed, wacha Mungu wa jadi, wengi wao wakiishi kwa kusoma Torati na kusali. Hawa walilishwa na mfumo ulioitwa haluka, maana yake mgawo. Katika nyumba za Wayahudi wa Urusi, Poland, Hungaria na kwingineko palikuwa na kisanduku ukutani, na mama wa nyumba alitumbukiza sarafu kabla ya kuwasha mishumaa ya Sabato. Visanduku vilikusanywa, pesa zikasafirishwa Yerusalemu, na huko kila mji au nchi ilikuwa na jumuiya yake ya kupokea: watu wa Warsaw kivyao, watu wa Hungaria kivyao. Ukizaliwa katika ukoo uliotoka sehemu fulani, mgawo wako ulitoka sehemu hiyo hiyo.

Kundi la pili lilikuwa la waliohamia tangu miaka ya 1880, wakulima wa michungwa na mizabibu, pamoja na watu wa mjini waliokuwa wameanzisha Tel Aviv mwaka 1909 pembeni ya Yafa. Hawa waliwadharau wenzao wa Yerusalemu. Waliona haluka ni ombaomba iliyovalishwa kanzu. Watu wa Yerusalemu nao walikuwa na jibu lao, na jibu hilo lina uzito kuliko linavyopewa: sisi si maskini wa kuhurumiwa, tunafanya kazi ya ibada kwa niaba ya Wayahudi wote walio mbali, na kinachokuja ni ujira. Anayejua jinsi wakfu ulivyowalisha wanachuoni wa Lamu au Zanzibar kwa vizazi hatalishangaa jibu hilo.

Agosti 1914 vita vilipolipuka Ulaya, makundi yote mawili yalikatwa mrija kwa siku moja. Urusi, Austria-Hungaria na Ujerumani, walikotoka watoaji wa haluka, zilikuwa zikipigana. Meli za kuchukua machungwa kwenda Uingereza zilikoma. Waosmani hawakuwa wameingia vitani bado, ila walishaanza kuandikisha askari, na tangu 1909 sheria yao iliwahusu hata wasio Waislamu. Baba wa familia alichukuliwa, na mkewe akabaki na watoto bila mapato wala ndugu wa kumwandikia. Tarehe 1 Oktoba serikali ikafunga posta za kigeni, zile zile ambazo barua zenye pesa zilikuwa zikipitia.

Balozi wa Marekani mjini Istanbul alikuwa Henry Morgenthau. Alizaliwa Mannheim, Ujerumani, mwaka 1856, akapelekwa Marekani akiwa mtoto wa miaka tisa au kumi. Mwanzoni mwa 1914 alikuwa ameitembelea Palestina, kwa hiyo majina aliyokuwa akiyasikia yalikuwa na sura. Mwishoni mwa Agosti alituma telegramu kwa Jacob Schiff, mwenye benki wa New York, naye pia mhamiaji, mzaliwa wa Frankfurt wa mwaka 1847.

Telegramu hiyo haifiki hata maneno mia, na naomba msomaji avumilie niipitie sentensi kwa sentensi, kwa sababu humo ndimo kisa kilimolala. Ilisema Wayahudi wa Palestina wanakabiliwa na janga kubwa. Ikaeleza sababu: nchi zinazopigana zimesitisha misaada. Ikasema vijiji vya wakulima vilivyokuwa vikistawi vimo hatarini kuangamia. Kisha ikataja kiasi: dola 50,000. Ikataja mpokeaji: kamati ya kuaminika, mwenyekiti wake Daktari Ruppin. Ikataja matumizi: kuanzisha chombo cha mikopo, na kuzisaidia familia ambazo waliokuwa wakizilisha wameingia jeshini. Halafu ikauliza: je, utalibeba jambo hili?

Hakuna kilio humo. Hakuna picha ya mtoto. Anayeombwa anapewa namba, jina la mtu wa kuwajibika, na kazi mbili ambazo pesa itafanya. Kazi ya kwanza kutajwa ni mikopo. Mtu wa haraka angeanza na unga, na unga ulihitajika kweli. Lakini Morgenthau na watu waliomwandikia kutoka Yafa walikuwa wanawaza hivi: mkulima mwenye michungwa, au fundi mwenye karakana, hajawa maskini bado. Amekosa pesa ya miezi michache. Ukimpa mkate anakula na shamba linakufa. Ukimkopesha, huenda shamba likavuka nalo.

Hapa kuna jambo la kale kuliko Morgenthau. Neno la Kiebrania la kutoa kwa mhitaji ni tzedaka, ndugu wa damu wa sadaka yetu, mzizi mmoja wa Kisemiti. Ila katika Kiebrania neno hilo limekaa karibu zaidi na tzedek, haki, kwa hiyo anayetoa anahesabiwa kuwa amelipa anachodaiwa, si kwamba amefanya hisani. Musa bin Maimun, aliyezaliwa Kordoba na kufa Misri mwaka 1204, tabibu wa watawala wa Cairo na mwanasheria mkubwa wa Kiyahudi, aliipanga tzedaka katika ngazi nane. Ya chini kabisa ni ya anayetoa huku amenuna. Ya juu kabisa ni ya anayemshika mkono mtu aliyeyumba, kwa kumpa zawadi, kumkopesha, kuingia naye ubia au kumtafutia kazi, ili asifike mahali pa kuomba. Kwa hiyo Schiff, aliyelelewa katika dini hiyo, aliposoma neno mkopo kwenye telegramu hakuhitaji kufafanuliwa.

New York ilijibu upesi. Kamati ya Kiyahudi ya Marekani, American Jewish Committee, ikatoa 25,000. Schiff akatoa 12,500 mfukoni mwake. Zilizobaki 12,500 zikatolewa na kamati ya muda ya Wazayuni, yaani waliotaka Wayahudi wajijengee taifa Palestina, iliyokuwa imeundwa siku hizo hizo za mwisho wa Agosti chini ya mwanasheria Louis Brandeis. Kwa thamani ya leo, dola 50,000 za wakati ule ni zaidi ya milioni moja na nusu.

Hesabu hiyo inaonekana tamu kwenye karatasi: nusu, robo, robo. Tukumbuke lakini kwamba Schiff hakuwa Mzayuni, na mwaka mmoja tu nyuma alikuwa ametoka kwenye ugomvi nao. Alikuwa amechangia dola 100,000 kujenga chuo cha ufundi Haifa, chuo kikaingia katika vita vya lugha, Kijerumani au Kiebrania, walimu wakagoma. Mtu wa namna hiyo kuweka pesa kwenye chungu kimoja na waliomuudhi si jambo dogo. Aliweka kwa sababu njaa ilikuwa haisubiri, na pia, nadhani, kwa sababu alijua atakuwa na mtu wake kwenye meza ya kugawa. Nitalirudia hili.

Sasa, pesa ifikeje? Benki zilikuwa hazihamishi fedha kwenda nchi ya Osmani kwa utaratibu wa kawaida. Kilichofanyika, msomaji wa Mombasa au Dubai atakitambua mara moja: ni hawala, mtu analipa huku na mwenzake anatoa kule bila noti kusafiri. Pesa zikawekwa mikononi mwa kampuni ya mafuta ya Standard Oil mjini New York, na wakala wake Istanbul akamkabidhi balozi kiasi hicho hicho. Kampuni ilikuwa na mauzo ya mafuta ya taa Uturuki, ikitaka thamani yake New York. Wafadhili walikuwa na thamani New York, wakiitaka Uturuki. Kila mmoja akapata haja yake.

Bado palikuwa na safari ya kutoka Istanbul hadi Yafa. Morgenthau alikuwa na mkwe wake pale, Maurice Wertheim, kijana wa miaka 28. Wertheim alipanda meli ya kivita ya Marekani, North Carolina, akiwa na dhahabu kwenye begi, akashuka nayo Yafa. Marekani ilikuwa nchi isiyofungamana na upande wowote vitani, na bendera ya meli ndiyo iliyolinda begi. Kwa kweli ukiutazama mradi huu wote kwa makini, umeendeshwa na wakwe: aliyebeba dhahabu ni mkwe wa balozi, na aliyekuja kuwa mwenyekiti wa kamati kubwa iliyozaliwa baadaye, Felix Warburg wa kutoka Hamburg, alikuwa mkwe wa Schiff. Watu wa nyakati za hatari hutuma wa nyumbani.

Dhahabu imefika. Atapewa nani?

Telegramu ilimtaja Arthur Ruppin. Alikuwa mkuu wa ofisi ya Wazayuni mjini Yafa, msomi wa takwimu, mtu makini. Kwa wazee wa Yerusalemu hata hivyo, Ruppin alikuwa mtu wa upande mwingine, na kumkabidhi yeye peke yake ingekuwa sawa na kumwachia shabiki wa Simba tiketi za Yanga. Ndiyo maana kamati iliyokaa na pesa ilikuwa ya watu watatu. Wa kwanza Ruppin. Wa pili Aaron Aaronsohn, bwana kilimo wa Zikhron Yaakov, aliyepata sifa duniani mwaka 1906 kwa kugundua ngano mwitu. Kituo chake cha utafiti pale Atlit kilikuwa kikigharimiwa na matajiri Wayahudi wa Marekani, Schiff akiwamo. Wa tatu Ephraim Cohn, aliyesimamia shule za shirika la Wayahudi wa Ujerumani, na ambaye katika vita vya lugha alisimama upande wa Kijerumani, uliokuwa ukizomewa na Wazayuni.

Watatu hawa hawakupendana. Na hilo, kwa maoni yangu, ndilo lililokuwa jambo la busara kuliko yote katika kisa kizima. Kila mtoaji alikuwa na jicho lake mezani, na kila upande wa wapokeaji ulikuwa na mtu wa kumlalamikia. Kamati za marafiki huamua haraka na kuiba kwa adabu. Kamati ya mahasimu huchelewa, hubishana kila gunia, lakini hesabu zake husomeka, kwa sababu kila mmoja anaandika akimhofia mwenzake.

Malalamiko hayakukosekana, bila shaka. Yerusalemu ilikuwa na watu wengi zaidi na njaa kubwa zaidi, vijiji vilikuwa na mashamba ya kuokoa, na mkopo ambao ni dawa kwa mwenye shamba haumfai mjane wa mtaa wa kale ambaye hana cha kuweka rehani. Chombo cha mikopo na jiko la supu vilikuwa vikigombea sarafu ile ile. Hapo ngazi nane za Musa bin Maimun hazikusaidii, maana yeye anakuambia kilicho bora, hakuambii umnyime nani.

Halafu mambo yakaharibika kupita mpango wowote. Waosmani wakaingia vitani mwishoni mwa Oktoba. Desemba 1914 Wayahudi wa Yafa wenye uraia wa Urusi wakaanza kufukuzwa, na meli nyingine ya Marekani, Tennessee, ikawavusha maelfu hadi Alexandria. Machi 1915 nzige wakafunika anga, wakala kilichobaki, cha Mwarabu na cha Myahudi. Mwaka huo huo meli ya makaa Vulcan ikaja na tani zipatazo 900 za chakula zilizotumwa na Wayahudi wa Marekani, na mgao wake haukuishia kwa Wayahudi: sehemu yake ilikwenda kwa Waislamu na Wakristo wa Palestina. Siasa ilikuwamo, maana Jamal Pasha, jemadari wa Waosmani aliyetawala eneo hilo, asingeachia meli ipakue kwa watu wa dini moja huku wengine wakitazama kwa njaa. Lakini sheria ya Kiyahudi yenyewe inashika mambo mawili kwa pamoja. Talmud inasema maskini wa mji wako hutangulia wa mji mwingine, na inasema pia kwamba maskini wasio Wayahudi walishwe pamoja na maskini wa Kiyahudi, kwa ajili ya amani. Watu hupenda kunukuu kipande kimoja kulingana na mfuko unavyobana.

Turudi New York, kwa sababu dola 50,000 ziliisha na barua za kuomba zikazidi, safari hii kutoka Poland, Galicia (jimbo la Austria-Hungaria) na Urusi, ambako majeshi yalikuwa yakipita vijijini kwenda na kurudi. Mjini humo kulikuwa na mamia ya maelfu ya wahamiaji waliotoka kwenye vijiji hivyo hivyo. Tarehe 4 Oktoba 1914 watu wa masinagogi ya jadi waliunda kamati yao. Tarehe 25 matajiri wa asili ya Kijerumani wakaunda yao, chini ya mwanasheria Louis Marshall. Mwaka 1915 wafanyakazi wa viwanda vya nguo na wasoshalisti wakaunda ya tatu, mwenyekiti wake Meyer London, mbunge msoshalisti. Hawa watatu wasingeweza kuomba pamoja hata kwa mtutu wa bunduki. Tajiri huombwa kwenye karamu, muumini huombwa sinagogini, mshona nguo wa Lower East Side huombwa kwenye mkutano wa chama na hutoa senti zake akijua ni za chama.

Suluhisho lilipatikana tarehe 27 Novemba 1914, na kamati ya tatu, ya washona nguo, ikaja kujiunga baadaye: kila mmoja akusanye kivyake, lakini kugawa kufanyike pamoja. Ndipo ikazaliwa Joint Distribution Committee, kamati ya pamoja ya ugawaji, iliyojulikana Ulaya Mashariki kwa neno moja tu, Joint. Tazama jina hilo. Halina neno msaada, wala huruma, wala upendo. Limechagua kujiita kwa kazi iliyokuwa ngumu.

Kukusanya kulikuja kuwa na fahari yake. Tarehe 21 Desemba 1915, katika ukumbi wa Carnegie Hall, rabi Judah Magnes alihutubia umati, na usiku ule zikapatikana karibu dola milioni moja, kwa fedha, ahadi na vito vilivyovuliwa shingoni na vidoleni. Hadi mwisho wa 1917 Joint ilikuwa imepeleka zaidi ya dola milioni 2.5 Urusi, milioni 3 katika Poland na Lithuania zilizokuwa mikononi mwa Wajerumani, na zaidi ya milioni 1.5 Galicia.

Sambamba na michango hiyo mikubwa kulikuwa na mto mdogo ambao wanahistoria huupita haraka na mimi nataka kuusimamia kidogo. Mhamiaji wa New York hakutaka tu kutoa kwa mfuko. Alitaka dola tano zimfikie mama yake, kwa jina, Yerusalemu, mtaa fulani. Wazayuni walifungua dawati la kupeleka pesa za watu binafsi, na konsuli wa Marekani Yerusalemu, Otis Glazebrook, ambaye kwa asili alikuwa padri wa Kianglikana, akawa anashika daftari na kuwalipa wazee waliopanga foleni nje ya ofisi. Padri wa Kikristo akigawa pesa za Wayahudi katika mji wa Waosmani. Mwaka 1917 uhusiano wa Marekani na Uturuki ulipovunjika, Glazebrook aliondoka, na konsuli wa Hispania akaishika kazi hiyo. Pesa zikaanza kupitia nchi nyingine zisizopigana. Njia ilibadilika, foleni ikabaki pale pale.

Je, zilifaa? Ukipima kwa vichwa, jibu ni chungu. Kwa njaa, homa ya chawa, kufukuzwa na kukimbia, Wayahudi wa Palestina walipungua hadi takriban 56,000 vita vilipokwisha. Wapo waliokufa pesa ikiwa njiani. Anayetaka kusema dola 50,000 ziliiokoa jamii anatia chumvi. Kilichookolewa ni muda: majira ya baridi ya 1914, kabla ya Vulcan, kabla ya Joint kupata miguu. Na kilichopatikana ni mtandao wa watu na njia, ambao haukuwapo Agosti na ulikuwapo Novemba.

Kufikisha nako hakukuwahi kuwa rahisi. Julai 1920 wajumbe wawili wa Joint, Israel Friedlaender na Bernard Cantor, waliuawa barabarani nchini Ukraine, karibu na Yarmolintsy, wakiwa kwenye kazi ya kupeleka misaada kwa watu waliokuwa wakichinjwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Friedlaender alikuwa profesa wa maandiko New York, mtaalamu wa Kiarabu na wa Musa bin Maimun. Angeweza kubaki na vitabu vyake.

Lile neno la telegramu, mikopo, lilikuja kuwa na maisha marefu kuliko dhahabu ya Wertheim. Miaka ya 1920 Joint ilishirikiana na shirika lingine la Kiyahudi kusimamisha mifuko ya kukopesha katika miji midogo ya Poland na jirani zake: mshona viatu anakopa ngozi, muuza samaki anakopa mkokoteni, bila riba au kwa riba ndogo, wadhamini ni majirani. Wanachama wa VICOBA wangekaa kwenye mkutano wa aina hiyo na kuelewa kila kitu isipokuwa lugha. Na Joint hiyo hiyo, karne ikiwa karibu kutimia, lilikuwa miongoni mwa waliomshika mkono Anne Heyman, mwanasheria mzaliwa wa Afrika Kusini, alipoanzisha kijiji cha vijana cha Agahozo-Shalom huko Rwamagana, Rwanda, kilichopokea wanafunzi wa kwanza mwishoni mwa 2008. Alichukua mfano kutoka vijiji vya Israeli vilivyolea yatima wa mauaji ya Wayahudi wa Ulaya.

Ipo hoja dhidi yangu, na ni ya haki: mahasimu watatu mezani ni anasa ya mwenye meli ya kivita na benki ya Schiff nyuma yake. Jamii isiyo na balozi wala mkwe wa balozi ingeishia kwenye telegramu. Kweli. Waarabu wa mlima Lebanon, waliokufa kwa maelfu mengi kwa njaa katika vita hivyo hivyo, walikuwa nao na ndugu New York na São Paulo waliokuwa tayari kutoa, na bahari ikawafungia njia.

Ile Joint ilikusudiwa kuwa ya muda, ya vita tu, na ingevunjwa bunduki zikinyamaza. Felix Warburg alikubali uenyekiti katika hali hiyo. Aliuachia mwaka 1932.